Ubongo Hausubiri Kikao cha Ukoo

Mzee akipotoka mdomo ghafla akiwa mezani, katika nyumba nyingi za Waswahili hapa London simu ya kwanza haiendi kwa gari la wagonjwa. Inakwenda kwa dada mkubwa anayekaa Reading, kisha kwa mjomba Mombasa, kisha kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambako mmoja anashauri achuliwe mafuta ya habasoda, mwingine anauliza kama amekula, wa tatu anatuma dua. Wote wanampenda mgonjwa. Lakini saa nzima imeshapita, na mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, chembe za ubongo zinazokadiriwa kufikia milioni 1.9 hufa kila dakika.

Tiba ipo, na London imejipanga kwa dharura za ubongo kuliko miji mingi. Kinachotupotea ni muda kati ya sebule na mlango wa hospitali. Muda huo uko mikononi mwa aliye nyumbani, awe mtoto wa shule au bibi asiyejua Kiingereza, na makala hii imeandikwa kwa ajili yao.

Kiharusi

Kiharusi ni ubongo kukatiwa damu. Mara nyingi bonge la damu huziba mshipa. Mara chache zaidi mshipa hupasuka na damu ikavuja ndani ya fuvu. Kule pwani wako ambao bado husema mtu wa namna hii amepigwa na upepo, na humtafutia mganga kabla ya daktari. Sina ugomvi na dua. Isomwe, ila isomwe huku simu ya 999 iko sikioni.

Tazama mambo matatu. Uso: mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja umelegea au mdomo umekwenda kombo. Mikono: ainyanyue yote miwili na kuishikilia juu, uone kama mmoja unashuka wenyewe. Usemi: sikiliza kama maneno yanamkwama, yanaburuzika au hayaeleweki. Moja tu kati ya hayo linatosha kupiga simu. Usingoje yatimie matatu. Mtu akipoteza kuona ghafla, akashindwa kusimama, au akashikwa na maumivu ya kichwa ya ghafla yenye nguvu ambayo hajapata kuyajua maishani, piga simu vilevile.

Hilo la usemi linatudai sisi zaidi ya wengine. Mhudumu wa gari la wagonjwa akimsikiliza mama yako akizungumza Kiswahili hawezi kujua kama maneno yameharibika. Wewe ndiye unayejua. Muulize mama jina la marehemu babake, au akutajie wajukuu wake mmoja mmoja. Akiwachanganya, au ulimi ukawa mzito, mwambie mhudumu waziwazi kwamba hivi sivyo anavyosema siku zote. Na mzee ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri, leo akawa anajibu Kiswahili kitupu mbele ya muuguzi, asidhaniwe amechoka au ana kiburi. Hiyo nayo ni dalili ya kutajwa.

Ukipiga 999 utaulizwa kwanza unataka huduma gani. Jibu neno moja: ambulance. Kiingereza kikikukimbia kwa hofu, sema "Swahili" na uombe mkalimani wa simu. Toa postikodi, namba ya nyumba na ghorofa. Utaulizwa kama mgonjwa anapumua, kama yuko macho, ana umri gani. Watu hukasirika wakiulizwa hayo, wakidhani wanacheleweshwa. Jibu kwa utulivu, majibu yako ndiyo yanayoamua gari litumwe kwa haraka ya kiasi gani. Kama mnakaa kwenye jengo la halmashauri lenye lango la kubonyeza namba, mtume mtu ashuke akafungue na azuie lifti.

Wakati mnangoja, mlaze ubavu kama anasinzia au anatapika, na usimpe kitu mdomoni. Kiharusi mara nyingi huharibu kumeza, hivyo uji, asali, hata maji ya zamzam yanaweza kuteremka mapafuni. Aspirini pia usimpe, kwa sababu kama mshipa umepasuka dawa hiyo inaongeza kuvuja, na hakuna awezaye kujua kwa macho ni aina gani ya kiharusi. Daktari mwenyewe hajui mpaka aone picha ya CT. Picha ya kwanza ya namna hiyo kupigwa mgonjwa ilipigwa hapahapa London, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Kabla ya hapo mara nyingi madaktari walikuwa wakibahatisha.

Kisha andika saa. Daktari atataka kujua mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Kama aliamka na dalili tayari, taja saa aliyokwenda kulala. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kuanza. Kwa baadhi ya wagonjwa bonge huvutwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena. Kazi hiyo hufanywa hasa ndani ya saa 6, na kwa wachache waliochaguliwa kwa picha hadi saa 24. Mtu asiyejua saa anaweza kumkosesha mzazi wake tiba hiyo. Chukua na maboksi ya dawa zake zote, hasa zile za kufanya damu iwe nyepesi kama warfarin na apixaban.

Usimpakie kwenye gari lako

Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote. Mtu ana gari mlangoni, hospitali iko dakika kumi, anaona gari la wagonjwa linachelewa. Anampakia baba na kuondoka. Lakini hospitali iliyo karibu huenda haipokei kiharusi kabisa.

Mwaka 2010 London ilibadili utaratibu. Kiharusi kilikuwa kikitibiwa katika hospitali 30 na kitu, nyingine zikiwa hazina mtaalamu usiku wala mwisho wa wiki. Zikachaguliwa 8 za kupokea kiharusi kipya saa zote: Royal London kule Whitechapel, King's College kule Denmark Hill, St George's ya Tooting, Charing Cross, Northwick Park ya Harrow, Queen's ya Romford, Princess Royal ya Farnborough na University College katikati ya jiji. Charing Cross iliyotajwa hapo iko Hammersmith, wala haiko karibu na stesheni yenye jina hilo. Watafiti walipopima baadaye walikuta vifo vimepungua. Wahudumu wa gari la wagonjwa wanajua pa kwenda, na huarifu hospitali mapema ili mgonjwa akifika aingizwe moja kwa moja kwenye CT. Ukimpeleka mwenyewe utaanzia kwenye foleni, na akishatambuliwa huenda akahitaji gari la pili.

Vivyo hivyo usikimbilie Queen Square, ile hospitali mashuhuri ya taifa ya mishipa ya fahamu karibu na Russell Square. Haina idara ya dharura. Wagonjwa wengi hupelekwa pale kwa rufaa.

Wakati mwingine dalili huja na kupotea ndani ya dakika chache. Mkono ulikufa ganzi, sasa umerudi. Mama anacheka na kuomba chai. Hicho ni kiharusi kidogo, na siku chache zinazofuata ndizo hatari zaidi kwa kiharusi kikubwa kumfuata. Piga simu hata kama ameshapona. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu kama huyo aonwe na mtaalamu ndani ya saa 24.

Nazungumzia pia hofu ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: makaratasi. Gari la wagonjwa ni bure kwa kila mtu. Tiba ndani ya idara ya dharura ni bure kwa kila mtu. Kujiandikisha kwa GP ni bure, hata kwa asiye na viza wala barua yenye anwani. Mkimbizi, anayeomba hifadhi, aliyelipa ada ya afya wakati wa kuomba viza na mkaazi wa kawaida hawalipi hospitalini. Mgeni wa matembezi au asiye na kibali anaweza kupewa bili akilazwa, lakini tiba ya haraka hairuhusiwi kucheleweshwa wala kukataliwa kwa sababu ya pesa. Bili ikija huweza kuombewa malipo ya kidogokidogo, na mashirika ya kutetea wahamiaji husaidia. Ubongo uliokufa hauombewi malipo ya kidogokidogo.

Mkalimani hospitalini ni bure pia, na ni haki. Mwombe mapema. Usimgeuze mtoto wa miaka kumi na mbili kuwa mkalimani wa habari kwamba babake amepooza.

Presha, mama wa mengi

Kule Kusini mwa London, watafiti wa King's College wamekuwa wakiandikisha viharusi vya wakaazi wa Lambeth na Southwark tangu mwaka 1995. Daftari lao limeonyesha kwamba watu weusi hupata kiharusi cha kwanza mapema kuliko weupe, kwa wastani wa takriban miaka 10, na kwamba kwao hutokea kama mara mbili zaidi. Nyumbani hali haina nafuu. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, viharusi vipya takriban 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 jijini Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi vile vya nchi nyingi tajiri.

Presha haiumi. Mtu anaweza kutembea nayo miaka kumi akipika, akifanya kazi za usiku, akicheza na wajukuu. Ukishafika miaka 40 unaweza kuingia duka la dawa linalotoa huduma hiyo na ukapimwa bila malipo. Na mwenye miaka 40 hadi 74 asiye na maradhi ya moyo au kiharusi ana haki ya kuchunguzwa afya kila miaka 5. Kipimo cha 140 kwa 90 kliniki, au 135 kwa 85 nyumbani, ndicho mpaka wa kuanza kushughulikiwa.

Kwa watu wenye asili ya Afrika, GP huanza mara nyingi na amlodipine. Dawa hii huvimbisha vifundo vya miguu ya baadhi ya watu. Mtu huona miguu imevimba, anaiweka kabatini bila kumwambia daktari, na miezi sita baadaye tunakutana naye wodini. Ziko dawa nyingine; rudi ukaombe ubadilishiwe. Ramadhani nayo si sababu ya kuacha vidonge. Mfamasia atakupangia muda wa futari au daku. Na unaposafiri kwenda nyumbani kwa wiki sita, beba dawa za wiki nane. Chumvi imejificha kwenye vidonge vya supu na unga wa mchuzi, kwenye ng'onda na papa mkavu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Kuna kundi lisilozoea kuhusishwa na kiharusi: watoto wenye selimundu. Wao wanaweza kukipata wakiwa na miaka mitano. Hapa Uingereza mtoto wa namna hiyo anatakiwa kupimwa mwendo wa damu ya ubongo kila mwaka, kuanzia miaka 2 hadi 16, kwa kifaa kinachowekwa pembeni ya kichwa bila maumivu yoyote. Wakikuta damu inapita kwa kasi mno, huanza kumwongezea damu mara kwa mara, na hatari hupungua sana. Usikose miadi hiyo hata kama mtoto ni mzima kabisa siku hiyo.

Kugonga kichwa

Vijana wetu wengi wanapeleka vyakula kwa baiskeli za umeme, usiku, kwenye mvua. Sheria ya Uingereza hailazimishi helmeti kwa baiskeli, na ndiyo maana wengi hawaivai. Mwenye kuumia vibaya hupelekwa kwenye moja ya hospitali nne zilizoteuliwa kwa majeraha makubwa: Royal London, King's, St George's au St Mary's ya Paddington.

Lakini wengi hugonga kichwa, wakainuka, wakaendelea na safari. Hao ndio wa kuangaliwa. Kwa muda wa siku mbili asikae peke yake. Akitapika zaidi ya mara moja, akasinzia asiamshike vizuri, akachanganyikiwa, akapata degedege, akatokwa na majimaji maangavu puani au sikioni, au mboni moja ikawa kubwa kuliko ya pili, piga 999. Anayetumia dawa za kuifanya damu nyepesi aende hospitali hata kama anajisikia vizuri. Kwa wazee kuna jambo jingine: damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, na dalili zikaja wiki kadhaa baada ya kuanguka bafuni. Bibi aliyeanza kusahausahau au kuburuta mguu mwezi huu asiambiwe ni uzee tu. Muulize kama alianguka.

Mgongo nao una dharura yake. Maumivu ya kiuno yakifuatana na ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila habari, na miguu kulegea, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo. Watu huona haya kuitaja ganzi hiyo mbele ya daktari wa jinsia nyingine. Omba daktari wa jinsia yako kama ukitaka, ila itaje.

Kifafa, degedege na homa

Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, baada ya kukuta wagonjwa waliotengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto kwa kuwa walianguka jikoni na watu wakaogopa kuwagusa. Hofu hiyo ya kuwagusa imevuka bahari pamoja nasi. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu wala kwa mate.

Mtu akianza kurusha viungo, ondoa vitu vigumu karibu naye, mwekee kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala kitambaa. Kijiko huvunja meno na kuziba njia ya hewa, na ulimi haumezwi. Viungo vikitulia mlaze ubavu. Degedege likizidi dakika 5, au kama ndiyo mara ya kwanza, piga 999. Mwenye kifafa anayetumia dawa kila siku ana haki ya cheti cha kupata dawa zote bila malipo, na wengi hawajui. Muulize GP fomu yake.

Mtoto mwenye homa kali anaweza kupata degedege la kawaida la utotoni na likaisha. Lakini kama familia imerudi kutoka Tanga, Kilifi au Bukavu, hesabu zinabadilika. Malaria ya falciparum inaweza kupanda ubongoni na kuua ndani ya siku chache, na sisi tuliokaa Ulaya miaka mingi kinga yetu imekwisha. Watoto waliozaliwa hapa hawakuwahi kuwa nayo. Mwaka 2023 Uingereza iliandikisha wagonjwa wa malaria waliotoka nayo safarini wapatao 2,000. Homa yoyote baada ya safari, hata ikiwa miezi imepita, hadi mwaka mzima, mwambie daktari neno la kwanza: tumetoka Afrika Mashariki, tarehe fulani. Dai kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Na mtoto wa degedege achomwe sindano akihitaji. Ile imani kwamba sindano humuua imeshawapotezea wengi nafasi ya kupona.

Homa ya uti wa mgongo nayo huanza kama mafua: kichwa, shingo ngumu, kuchukia mwanga, kusinzia. Vipeperushi huonyesha vipele kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu vitafute viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kwenye kaakaa, na usingoje vitokee. Anayekwenda Umra au Hija huchanjwa kabla ya safari. Wanafunzi wanaoingia chuo kikuu waulize GP kama walipata ile chanjo ya shuleni. Aliyeikosa anaweza kuipata hadi kabla ya kutimiza miaka 25.

Baada ya hospitali

Madereva walisome hili vizuri. Baada ya kiharusi, hata kile kidogo, huendeshi gari la kawaida kwa mwezi mmoja. Baada ya degedege la kwanza unaacha kuendesha na kuwaarifu DVLA, mamlaka ya leseni za udereva. Kwa kawaida ni miezi 6, na kwa kifafa ni mwaka mmoja bila kushikwa. Wanaoendesha teksi au gari la kukodi kwa leseni ya jiji wanahukumiwa kwa kipimo kikali zaidi, kile cha malori na mabasi, ambapo kiharusi pekee ni mwaka mzima. Najua hiyo ni riziki ya nyumba. Kuficha kunaweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000, na kukiwa na ajali bima inaweza kukuruka. Anza mapema kuuliza halmashauri na ofisi za ushauri kuhusu posho za ulemavu. Anayemtunza mgonjwa naye ana haki ya kutathminiwa mahitaji yake na halmashauri, kwa sheria ya mwaka 2014.

Hospitali ya Queen Square ilianzishwa mwaka 1859 kwa juhudi za Johanna Chandler na ndugu zake, waliokuwa wamemuuguza bibi yao aliyepooza wakaona jiji halina mahali pa watu kama yeye. Leo mahali papo, ila mazoezi ya usemi mara nyingi hufanyika kwa Kiingereza, na mgonjwa wetu aliyenyamaza huandikwa kuwa hajui kitu. Kiharusi kinaweza kuziharibu lugha za mtu kwa viwango tofauti: Kiingereza kikaenda na Kiswahili kikabaki, au kinyume chake, au akabaki na Kichagga cha utotoni. Mwambie mtaalamu wa usemi tangu siku ya kwanza mgonjwa anasema lugha gani, aliyojifunza kwanza ni ipi, na ipi alikuwa akiitumia na nani. Omba mkalimani awepo kwenye kila kipindi. Mpelekee orodha ya majina ya watu wa nyumbani, vyakula anavyovipenda na maneno yake ya kila siku, ili mazoezi yaanzie hapo.